Mbwa wa Sauti Moja

Mtaa mzima ulimwita Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa na sare ya kampuni ya ulinzi, buti zilizong'aa kuliko uso wake, na sauti. Hasa sauti. Akisema "Kaa!" ndani ya ua wa mbwa, wagonjwa wa zahanati ya viungo iliyokuwa nyuma ya ukuta, waliokuwa wamejikongoja na magongo yao kujifunza kusimama, walijikuta wameketi. Maneno hayo aliyaeneza mnyooshaji viungo wa zahanati hiyo, mtu mcheshi asiyejua kunong'ona, na hakuna aliyefuatilia kama ni ya kweli. Yalichekesha, yakabaki.

Kazi ya Afande ilikuwa kufundisha mbwa wa ulinzi. Aliianza nywele zikiwa nyeusi, na sasa hata nyusi zilikuwa zimeanza kumgeuka. Jioni aliwapeleka mbwa kwenye maghala, asubuhi akawarudisha, akawalisha, akafagia vibanda vyao, akawafundisha tena yale waliyoyajua. Na katika kazi hiyo kuna kanuni moja inayozibeba nyingine zote: mbwa wa ulinzi ni mbwa wa sauti moja. Anakula kutoka mkono mmoja na kuitika mluzi mmoja. Mtu mwingine yeyote, hata akija na nyama na tabasamu, ni adui. Kwa hiyo Afande hakuruhusu mtu awabembeleze mbwa wake, wala yeye mwenyewe hakuwabembeleza. Aliwaambia la kufanya, wakafanya, na hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Nyumbani pia alizungumza hivyohivyo. Mke wake aliondoka zamani, bila ugomvi na bila kuvunja hata kikombe. Alisema tu kwamba amechoka kuishi kama mtu anayesubiri amri. Binti yao akalelewa na shangazi yake mji mwingine, akakua, akapata kazi kwenye duka la dawa, na kila Jumapili alimpigia baba yake simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hali?"

"Nzuri. Wewe je?"

"Nzuri. Kazini?"

"Kazini kwema. Baba, leo nimepika nikaunguza sufuria mpaka majirani..."

"Sawa. Imeeleweka."

"Baba, jamani. Mimi si mbwa."

Afande alicheka kidogo puani, kwa sababu alijua anataniwa, na simu ikaishia hapo. Baadaye alikaa kitandani akijiuliza majirani walifanya nini kuhusu sufuria.

Mwaka ule kampuni ikanunua kamera na nyaya za umeme. Mbwa vijana wakauzwa kwa kampuni nyingine. Wakabaki wawili waliokosa mnunuzi. Mmoja ni Bosi, dume jeusi, mkubwa kama meza, nyonga zake zimeanza kukaza na anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mwingine ni Simu, jike la kahawia, aliyepewa jina hilo kwa sababu utotoni alibweka kila simu ya mtu ilipolia. Siku hizi habweki tena, ila akisikia mlio husimamisha sikio moja.

Meneja alikuja mwenyewe kumwambia. Alikuwa kijana ambaye saa zote alishika funguo za gari mkononi, kana kwamba hata akiwa amekaa yuko njiani kuondoka.

"Afande, hawa wawili, mwisho wa mwezi daktari wa mifugo atakuja na sindano. Na wewe ndiyo utakuwa umemaliza. Tutakuaga vizuri, usijali."

"Sindano ya nini?"

"Afande, bwana. Usinifanye niseme."

Daktari alifika mapema kuwaona. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na macho yaliyochoka. Hakuwa amekaribia hata wavu, Bosi na Simu wakaurukia, waya ukalia, mate yakaruka. "Basi," alisema Afande, na wote wawili wakalala chini kama nguo zilizodondoka kutoka kwenye kamba.

"Wanakusikia hivyo siku zote?"

"Siku zote."

"Na mimi nikisema?"

"Sema."

Daktari akasema kaa, akasema njoo, akasema inuka. Mbwa wakamtazama kama watu wanavyomtazama mtu anayejiimbia kwenye foleni ya benki.

"Sikiliza, baba," alisema daktari. "Mimi sipendi kuua mbwa mzima. Kuna mama ana bustani ya miche nje ya mji, eneo kubwa, anatafuta mbwa wa kumchangamsha, hata wazee atawachukua. Lakini ana wafanyakazi wanaoingia na kutoka. Siwezi kumpa mbwa anayemsikia mtu mmoja tu duniani. Nionyeshe kwamba hawa wanaweza kumsikiliza mtu mwingine, wewe ukiwa hupo, bila kumng'ata, nami nitawaandikia waende kwake."

"Na wasipoweza?"

Daktari akatazama buti zake. "Nitakuja na begi langu, baba. Ni hivyo."

Jioni ile Afande alimtafuta mwenye nyumba wake, mama mnene aliyekuwa anaanua nguo uani. Alitangulia kusalimia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na yule mama akashtuka.

"Mama, nikileta mbwa hapa..."

"Mbwa?"

"Wawili."

"Afande, chumba chako kimoja, kitanda kikiingia mtu anatoka. Mbwa wawili utawaweka wapi, juu ya kabati? Hapa hata kuku tumekatazana."

"Ni wazee. Hawana fujo."

"Na mimi ni mzee, na fujo ninazo. Hapana, baba. Nisamehe."

Alisema nisamehe kwa dhati, na hilo likamfanya Afande ashindwe hata kukasirika.

Dawa ilitoka upande wa pili wa ukuta. Zahanati ilikuwa na mipira mikubwa ya mazoezi, ile inayofika mtu kiunoni, ambayo wagonjwa hulalia mgongo na kujinyoosha. Mipya ilipoletwa, ile ya zamani ikakosa kazi. Siku moja asubuhi mnyooshaji viungo akachungulia juu ya ukuta, simu yake mkononi.

"Afande! Njoo uone maajabu."

Kwenye simu kulikuwa na mbwa mwembamba anayekimbia katika uwanja wa majani. Mbele yake kulikuwa na mipira mikubwa ya rangi, naye aliisukuma kwa pua mmoja baada ya mwingine, akiizunguka kwa nyuma, akiipeleka kwa mtu aliyesimama kimya kati ya nguzo mbili.

"Ni mchezo," alisema mnyooshaji. "Kama kuchunga kondoo, ila kondoo ni mipira. Hakuna kung'ata. Aking'ata, kondoo anapasuka."

Afande aliitazama picha ile mara mbili. Kilichomshika kilikuwa yule mtu aliyesimama kati ya nguzo, ambaye hakupiga kelele hata kidogo.

"Mtu yeyote anaweza kusimama pale?" aliuliza.

"Pale? Hata mimi na kitambi changu."

Basi mipira mitano ikarushwa juu ya ukuta, ya buluu, myekundu, na mmoja wa kijivu uliowahi kuwa mweupe. Afande akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi jasho likamtoka, akasimika fito mbili mwisho wa ua, akamfungulia Bosi. Kisha akafanya alichokuwa anajua. Akanyoosha mkono kuelekea mpira wa buluu na kuamuru, "Twende!"

Bosi alikwenda. Alikwenda kama alivyofundishwa miaka yote, kifua chini na mdomo wazi, na mpira ukapasuka kwa mshindo uliowafanya ndege wote wa paa la zahanati waruke pamoja. Bosi akarudi na kipande cha mpira mdomoni, akakiweka miguuni mwa Afande na kukaa, akisubiri kuambiwa amefanya vyema.

Kichwa kikatokea juu ya ukuta. "Tumefiwa?"

"Mmoja."

"Huku nina mgonjwa ameruka kitandani. Hajaruka tangu aanguke kutoka kwenye ngazi. Nikuletee na wagonjwa wengine?"

Afande hakucheka. Mpira wa pili ulipasuka siku iliyofuata, safari hii kwa Simu. Aliona kosa ni la mbwa, akawaamuru zaidi, kwa ukali zaidi, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo walivyoona wazi kwamba mipira ile ni majambazi.

Mchana mmoja alichoka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamenya yai, akamwaga chai kwenye kifuniko cha chupa, na hakusema neno. Upepo ukausukuma mpira mwekundu ukasimama kati yake na Simu. Simu alitaka kuja alipo Afande, kama alivyotaka kila mchana wakati wa yai, lakini njia ilikuwa imezibwa. Akajaribu kupita kushoto, mpira ukasogea kushoto. Akajaribu kulia, ukasogea naye. Mwishoni akaweka pua yake chini ya ule mpira, akausukuma kwa upole, kama mtu anayesogeza pazia, na akaendelea kuusukuma mpaka ukagota kwenye magoti ya Afande. Kisha akamchungulia juu yake.

Afande alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na Simu alirudi nyuma hatua moja na kunusa hewa, maana hakuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mtu huyu.

Ndipo alipoelewa kwamba kazi haikuwa kwa mbwa. Alipaswa kutafuta sauti nyingine, ambayo haitoki kifuani. Akachagua maneno mawili tu, "lete" na "taratibu", akawa anayafanyia mazoezi chumbani kwake jioni, ameketi kitandani, akitazama ukuta. Lete. Taratibu. Taratibu, mama. Yalimtoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Mwenye nyumba akagonga. "Afande, una mgeni?"

"Sina."

"Mbona nasikia unabembeleza mtu?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

Afande alifikiri. "Ya kusema."

Mwenye nyumba alisimama kidogo nje ya mlango, kisha ndara zake zikasikika zikiondoka polepole, na tangu siku ile akawa yeye anayetangulia kumsalimia.

Simu alijifunza upesi. Bosi alichelewa, nyonga zikimsumbua, lakini alipogundua kwamba mpira unaweza kusukumwa kwa bega bila kuinama, aliupenda mchezo kuliko kula. Mipira mitatu iliyobaki waliikusanya kutoka pembe zote za ua, wakapishana kama wachungaji wawili wa siku nyingi, na kuileta kati ya fito ambapo Afande alisimama na kusema kwa ile sauti mpya, "Taratibu. Taratibu, mzee wangu." Siku hizo alitembea kwenda kazini kama mtu anayesubiriwa. Aliwahi kufika kabla mlinzi wa lango hajaamka vizuri. Akiingia, mikia miwili iligonga ubao wa vibanda, naye alisimama tu pale akiisikiliza.

Lakini mchezo haukuwa kwa ajili yake. Alilijua hilo, akaliahirisha siku mbili tatu, kisha akamwita mnyooshaji viungo.

Siku ya kwanza alimsimamisha mnyooshaji nje ya wavu. Siku ya pili ndani, wakiwa bega kwa bega, mbwa wamefungwa midomo kwa mikanda.

"Afande, nina watoto," alisema mnyooshaji, na kwa mara ya kwanza alinong'ona.

"Usiwatazame machoni. Sema lete."

"Lete."

Mbwa wakamtazama Afande. Afande akatazama juu, kwenye mabati. Ikachukua muda mrefu, mpaka shingo ikamuuma, na kisha akasikia mpira ukivuta mchanga.

Baada ya hapo kila siku alijiondoa kidogo. Alisimama nyuma ya mnyooshaji, kisha pembeni, kisha kwenye kona ya vibanda, kisha akawapa kisogo. Mikanda ya midomo ikafunguliwa. Alimwachia mnyooshaji mkebe wa vipande vya nyama, na siku ya kwanza alipomwona Simu akila kutoka kiganja kile kinene cha mtu mwingine, alienda kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Siku ya daktari ilikuwa na mawingu. Alikuja na begi lake, akaliweka nje ya lango, na Afande alilitazama mara moja tu. Meneja hakuja. Daktari aliketi kwenye kiti kati ya fito mbili, mikono mapajani, na Afande akatoka nje, akarudisha lango la bati nyuma yake, akakaa kwenye ndoo yake. Makubaliano yalikuwa kwamba asionekane wala asisikike.

"Lete," alisikia daktari akisema.

Zikaja nyayo za Bosi, zile nzito zenye kuburuta, na mpira ukianza kujiviringisha. Afande aliujua kwa mlio: ule wa kijivu, una kiraka. Ulikwenda, ukasita, ukaendelea. Wa pili ukaanza, mwepesi, wa Simu. Alijikuta anahesabu kwa vidole kwenye goti.

Kisha wa Simu ukasimama.

Nyayo zake zilikuja mbio hadi kwenye lango. Chini ya bati kulikuwa na mwanya wa kiganja kimoja, na katika mwanya ule ikaingia pua, nyeusi, yenye unyevu, ikanusa buti za Afande. Pumzi yake ilitia ukungu kwenye ngozi iliyong'arishwa. Alikuwa amempata. Akatoa mlio mdogo wa kooni, ule wa wakati wa yai.

Afande aliziba mdomo kwa kiganja. Kikohozi kilimpanda na akakimeza, machozi yakamtoka. Alijua kwamba akisafisha tu koo, Simu atalala pale langoni na hakuna mtu duniani atakayemwinua. Angetii sana. Angekuwa mbwa bora kuliko wote aliowahi kufundisha.

"Lete, mama," alisema daktari kutoka mbali. "Taratibu."

Afande aliinua buti ya kushoto kutoka kwenye mwanya, akaisogeza nyuma. Kisha ya kulia. Akavuta ndoo taratibu mpaka ukutani na kukunja miguu chini yake.

Pua ikabaki pale, ikinusa mchanga ulipokuwa mguu. Ikanusa tena. Kisha ikatoka, na kwa muda hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa mgonjwa mmoja huko zahanati akihesabu kwa sauti huku akinyoosha goti lake. Halafu mpira ukavuta mchanga, ukielekea kule.

Daktari alipofungua lango alikuwa na manyoya kwenye sketi. "Wameleta yote mitatu," alisema. "Yule dume amenilazia kichwa mapajani, miguu imekufa ganzi. Baba, umewezaje?"

"Ni mbwa wasikivu," alisema Afande.

Mama wa bustani alikuja na gari dogo la mizigo lililonuka udongo na mbolea. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, mwenye kofia ya majani, na aliwaambia mbwa "lete" kabla hata hajamsalimia mtu. Wakamletea. Bosi alisaidiwa kupanda nyuma ya gari kwa kuinuliwa nyonga. Simu aliruka mwenyewe, kisha akageuka, akamtafuta Afande kwa macho. Afande alikuwa ameshasogea nyuma ya mnyooshaji viungo, ambaye alikuwa mpana vya kutosha.

"Toka uwaage, bwana," alinong'ona mnyooshaji.

"Endesha, mama," Afande alimwambia mwenye bustani kwa sauti yake ya zamani, ile ya kifuani, na gari likaondoka.

Walichukua mipira miwili. Ule wa kijivu wenye kiraka haukuenea, ukabaki. Afande alifagia vibanda, akang'oa fito, akampa mlinzi wa lango funguo, na kutembea hadi nyumbani akiusukuma ule mpira mbele yake barabarani. Watoto walipiga kelele. Mtu mmoja kwenye kibanda cha vocha akamuuliza kama ameamua kufanya mazoezi ya kupunguza tumbo. "Ndiyo," alisema Afande.

Mwenye nyumba aliuona ukipita mlangoni kwa shida, akafungua mdomo, akaufunga. "Huo haubweki," alisema mwishoni.

"Haubweki."

Mama wa bustani alipiga simu baada ya siku kadhaa. Mbwa wanaendelea vizuri, wanakula mpaka wanataka na sahani, wanaleta mipira kwa kila mtu, hata muuza nyanya aliyepita jana walimletea, akakimbia akaacha kapu. Alicheka sana. Afande alikuwa na swali moja, akalishika ulimini muda wote ule wa kicheko. Mwishoni aliuliza kama maji yao yanabadilishwa asubuhi.

"Yanabadilishwa, baba."

"Sawa. Imeeleweka."

Jumapili binti yake alipiga. Afande alikuwa amejilaza, mpira umekaa katikati ya chumba kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, ile sufuria. Majirani walifanyaje?"

"Baba? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unaongea hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo... polepole." Kisha akasema haraka, "Ile sufuria ni zamani, baba, hata nimeshaitupa," na mteja akaingia dukani, binti akaomba samahani, akasema atapiga tena baadaye.

Afande aliweka simu kifuani, akisubiri. Kisha aliinuka kwenda kufungua dirisha, na mpira ulikuwa njiani. Akausukuma kwa goti hadi kwenye kona. Sakafu ya chumba kile ilikuwa imeinama kidogo, jambo ambalo hakuwahi kuligundua, na mpira ukajiviringisha wenyewe, ukarudi polepole, ukagota kwenye miguu yake.

"Taratibu," aliuambia, akausukuma tena.